Kamusi ya Chooni kwa Bi. Kidawa

Jeneza la Bi. Kidawa lilikwama mlangoni kwake mwenyewe, Tandika, kwa sababu mzee mmoja mwenye mguu mbovu alikuwa amelala chali kizingitini akikataa kupisha. Waliobeba walisimama, shehe akatazama saa, na sisi wanawake tuliokuwa uani tukanyoosha shingo kuona kuna nini. Mzee alikuwa ameweka fimbo yake kifuani na alisema kwa sauti ya mtu anayedai haki: “Huyu hatoki. Kaninunua, hajaniacha huru. Anakwenda ahera, mtumwa wake anamwachia nani?” Ndugu wa marehemu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, maana wao Wazaramo na yule alikuwa Mnyamwezi, na mtani akiingia msibani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Walimbembeleza, wakamtukana, wakamwahidi kuku. Akasema kuku atamlaje na meno yameshatangulia kaburini. Alitaka kanga moja ya marehemu, basi. Ikaletwa, akaipokea akiwa amelala vile vile, akajifunika usoni mpaka kiunoni, kisha akajiburuta pembeni na jeneza likapita kwenda msikitini. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya uani, kwa sababu nilikuwa nimemtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Alikuwa Mashaka, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu ujana wangu, na mguu ule mbovu ulivunjwa kwa ajili yangu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka yote, kwamba ulivunjwa kwa ajili yangu. Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimepanga chumba kwenye nyumba hiyo hiyo ya Bi. Kidawa, cha tatu mkono wa kushoto. Nilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, ndoo mbili, jiko la mkaa, na pazia nililolikata katikati ili nusu yake iwe shuka. Mchana nilishinda kwenye duka la steshenari karibu na soko, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Jioni nilirudi kupika ugali na dagaa au, siku mambo yakinyooka, mihogo ya nazi. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na haikuwa na dari. Kuta zilikomea pale ambapo mtu mrefu angefika kwa mkono, juu ni mbao na mabati tu, kwa hiyo neno likisemwa chumba cha kwanza lilipanda likatembea juu ya kuta likashukia chumba cha sita. Tulijua nani anakoroma na nani anaota kwa kilugha chake. Tulijua pia nani anapigwa. Asubuhi tulikutana uani na miswaki mdomoni, tukaulizana habari za kuamka, na kila mtu akajibu nzuri. Siku hizi nikisikia watu wanasifia umoja wa maisha ya uswahilini nanyamaza tu, maana umoja ninaoukumbuka mimi ni ule wa kutosikia kwa pamoja.

Choo kilikuwa kimoja kwa wapangaji wote, huko uani, na kuta zake za ndani zilipakwa chokaa kila Idd. Bi. Kidawa aliona nina mwandiko wa shule, akaniamuru niandike ukutani zamu za usafi kwa kipande cha mkaa. Nikaandika, majina na siku, nikapiga na mstari chini. Wiki haikuisha, chini ya mstari wangu pakatokea maandishi ya mtu mwingine, herufi kubwa zilizosimama wima: “Zamu: siku ambayo mpangaji hugundua kuwa ana homa.” Siku mbili baadaye likafuata jingine: “Mgeni: ndugu anayeuliza njia ya kuja, asiulize ya kurudi.” Halafu: “Umeme: kitu kinachorudi ukishamaliza kunyoosha nguo kwa pasi ya mkaa.” Na: “Kesho: siku ambayo fundi cherehani humaliza kazi zake zote.” Nyumba ikabadilika. Watu walianza kukaa chooni zaidi ya haja yao, foleni ikagoma kusogea, na aliyetoka alitoka anacheka peke yake huku amebeba kopo. Bi. Kidawa alijifanya amekasirika kwa chokaa yake, lakini nilimsikia kwa masikio yangu akimsimulia jirani wa pili maana ya mwenye nyumba: “Mwenye nyumba: mtu ambaye paa likivuja anakuuliza umelifanya nini.” Alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu.

Mwandishi nilimgundua kwa sababu ya mkaa. Mashaka alikaa chumba cha nne, mkabala na changu, kijana wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akipiga msasa makochi kwenye karakana za Keko, akirudi jioni kope zake zimejaa vumbi la mbao. Hakuwa na jiko. Alikula kwa mama ntilie, tena akila kwa haraka kama kuna mtu anamsubiri. Sasa mtu asiye na jiko anapokuja mara tatu kwa wiki kukuomba kipande cha mkaa kilichozimika, huhitaji elimu kubwa kujua anapeleka wapi. Nikamuuliza, akaweka kidole mdomoni, na tangu hapo nikawa namwekea vipande vizuri kwenye kopo la maziwa nje ya mlango wangu. Alikuwa ananisomea maneno kabla hajayapeleka, nami nikimshauri kufupisha. Nadhani nilikuwa na raha mwaka ule kuliko nilivyokuwa nikijua.

Kwa Bi. Kidawa, Mashaka aliweza kusema lolote. Walitukanana kuanzia asubuhi. Yeye alimwita Bi. Kidawa mchawi aliyekosa wateja; Bi. Kidawa alimwita mtumwa wake aliyemnunua kwa kibaba cha chumvi kutoka kwenye msafara, na akipita mgeni alimtambulisha hivyo hivyo, kwa uso mkavu. Siku moja Mashaka alimfichia kandambili zake, Bi. Kidawa akaenda msikitini miguu mitupu akilaani njia nzima, na jioni akamletea Mashaka sahani ya wali wa nazi. Niliwaonea wivu. Mimi ni Mpare, na nilipojaribu kumtania Mashaka kidogo alinisimamisha kwa upole. “Nyie utani wenu mnao huko kwa Wachaga,” aliniambia. “Mie na wewe hatuna. Mie na wewe tuheshimiane.” Nilicheka nikidhani hayo nayo ni utani, lakini kweli hakunitania hata siku moja. Alinisalimia kama mtu mzima, na neno langu alilichukua kama lilivyo.

Maneno ya ukutani yalianza kuuma taratibu. Chumba cha pili walikuwepo mke na mume, tutawaita Baba Salehe na Mama Salehe, na kipigo cha Mama Salehe kilikuwa na siku zake kama mnada. Tulisikia kiti kikianguka, tukasikia mkanda, tukasikia kilio kikizibwa na mto. Asubuhi Mama Salehe akitoka na jicho limevimba tulimpa pole, kila mmoja kwa zamu yake, mimi nikiwemo. Mashaka akaandika: “Ugomvi wa ndani: kelele zinazosikika nyumba kumi, ambazo hakuna aliyezisikia.” Chini yake: “Pole: malipo ya jirani kwa kipigo alichokisikiliza mpaka mwisho.” Siku hiyo nilitoka chooni bila kucheka. Mama Salehe naye aliingia, akakaa muda mrefu, na alipotoka alinawa uso, akamwambia Mashaka ahsante, sijui alijuaje kuwa ni yeye. Baba Salehe aliyasoma pia, akasema yametungwa vizuri. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kitu kinachonikera mpaka leo kuhusu maneno ya kuchekesha, kwamba yule anayesemwa huwa wa kwanza kucheka, kwa kuwa anadhani anasemwa mwingine.

Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, alikaa Kamanda. Jina lake lilikuwa Masudi, ila ukimwita hivyo hageuki. Aliongoza vijana wa ulinzi wa mtaa na alitembea na mjeledi aliousuka mwenyewe kwa mpira wa tairi. Aliwachapa waliochelewa kurudi, waliowahi kutoka, waliokosa kitambulisho, na waliouliza kitambulisho cha nini. Niliwahi kuona kijana muuza karanga akilazwa kwenye mchanga mbele ya nyumba yetu, akihesabishwa viboko kwa mdomo wake mwenyewe, na akikosea hesabu anaanza upya. Kamanda hakuwa Mzaramo wala Mnyamwezi, hakuwa mtani wa mtu yeyote nyumbani mwetu, na hakuna aliyemtania. Lakini nyumba ilikuwa haina dari. Mara nyingi alfajiri, wakati wa kuwasha majiko, ilitujia sauti ya mkewe, ya chini isiyo na haraka, halafu mlio wa mwiko kwenye mgongo, halafu sauti ya Kamanda: “Basi mke wangu, basi, nimekoma.” Tulisikia wote, vyumba vyote sita. Kisha mlango wa mbele ulifunguka, Kamanda akatoka na mjeledi wake, tukamwamkia shikamoo.

Jumamosi moja mchana nilikuwa barazani nasuka nywele nilipoona mtu akija mbio kutoka upande wa soko, ameshika mfuko wa nailoni. Sijui alikuwa anakimbilia nini. Labda alikuwa amechelewa mahali. Mtu mmoja nyuma yake akapaza sauti, “Mwizi,” na barabara nzima ikasimama kutoka ilikokuwa imekaa. Kamanda alimpiga ngwala mbele ya dirisha lake. Yaliyofuata niliyaona kwa sababu sikuingia ndani, na sikuingia ndani kwa sababu msusi alikuwa ameshika kichwa changu, naye alikuwa anatazama. Walimpiga kwa ngumi, wakaishiwa nguvu za mikono wakatumia mateke, halafu mtu akaleta tofali. Alikuwa akisema neno moja tena na tena, “viatu, viatu,” mpaka taya likawa halifuati. Damu iliingia kwenye mchanga haraka kuliko maji. Alipoacha kutikisika walifungua mfuko, wakakuta jozi ya viatu vya kiume vilivyotiwa soli mpya. Saa moja baadaye fundi viatu wa sokoni alikuja kusema viatu ni vya marehemu, alikuwa amevichukua kwake asubuhi ile ile. Watu walimsikiliza, wakaangalia chini, wakaondoka mmoja mmoja. Msusi akamalizia kichwa changu.

Kesho yake ukutani palikuwa na mawili. “Mwizi: mtu anayekimbia mbele ya wenzake.” Na: “Ushahidi: kitu kinachofika baada ya adhabu, kikiwa kinahema.” Mashaka hakunisomea hayo kwanza. Alichukua mkaa kwenye kopo akaenda nao moja kwa moja uani. Nikangoja kuona Kamanda atafanya nini akiyasoma. Aliingia, akakaa, akatoka anacheka. Alicheka kicheko kikubwa kabisa. Akaenda nayo kijiweni kwenye kahawa, akawasomea wenzake kama yake, nikamsikia kupitia dirishani akirudia “mbele ya wenzake” na kupigwa mgongoni kwa sifa. Mtu aliyepiga teke la kwanza. Nilikasirika hasira ambayo sijawahi kuipata tena, na nikisema ukweli, nusu ya hasira ile ilikuwa ya marehemu na nusu ilikuwa ya mtu mwenye mwandiko mzuri anayetaka aonekane anaweza. Nilitaka kuandika neno ambalo Kamanda asingeweza kulicheka.

Nikaliandika Jumanne kabla ya kwenda kazini, kwa mkaa wangu, nikiiga herufi kubwa za Mashaka ili lifanane na mengine: “Kamanda: mtu anayechapa mtaa mzima kwa mpira, ili asahau mwiko.” Nililisoma mara tatu. Nilijiona nimewashinda wote. Halikuwa limenijia kwamba Mashaka, pamoja na ulimi wake wote, alikuwa ameishi nyumba moja na Kamanda mwaka mzima bila kuligusa lile, na kwamba mtu aliyelelewa katika utani anajua mipaka yake kuliko sisi tunaousikia ukumbini. Yeye alimtukana kwa jina mtu mmoja tu, mtani wake. Wengine aliwaandika bila kuwataja. Mimi nilichukua ruhusa isiyokuwa yangu nikaitumia kwa mtu asiyenipa. Jioni niliporudi nilikaa uani na ungo wa dagaa, nachambua, nikisubiri kusikia kicheko. Aliingia mpangaji wa chumba cha tano, akatoka amefunga uso. Akaingia Mama Salehe, akatoka akanipita bila kunitazama, akaingia chumbani kwake na kufunga komeo. Hakuna aliyecheka. Nilipofikiria kwenda kulifuta kwa kandambili nikasikia mlango wa mbele, na Kamanda akapita ukumbini na kopo la maji mkononi.

Alikaa mle muda wa kuchemsha chai. Alipotoka hakuwa amelowa hata tone, kopo lilikuwa bado limejaa. Akaliweka chini taratibu. Akatuma kijana mmoja aite wenzake, wakaja wanne na marungu, wakasimama kwenye mlango wa uani, na wapangaji wote tuliokuwepo tukakusanywa. Bi. Kidawa alikuwa amekwenda kwa jirani kusaidia kupika. Mashaka alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Keko, hajanawa, vumbi la mbao kwenye kope.

“Nani kaandika?” Kamanda aliuliza, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini ya mkewe.

“Yote yale yangu, Kamanda,” Mashaka alijibu. Akaingia, akasoma, akatoka. Uso wake ulikuwa umebadilika. “Ila hilo la mwisho silo.”

“La nani?”

Mashaka alijipangusa vumbi kwenye kope. Akageuza macho akanitazama. Alinitazama muda mrefu, wazi kabisa, mbele ya wote, na mimi nikayasoma macho yale nilivyotaka. Niliona yananiambia nyamaza. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuvunja vichwa vya dagaa na kuvitupa pembeni, kimoja kimoja. Mjeledi wa kwanza ulimpata shingoni. Wa pili usoni. Alisimama kwa yote hayo, bado anatazama upande wangu, mpaka rungu lilipompata begani ndipo alipopenya katikati ya wale vijana akakimbia kupitia ukumbini kwenda barabarani. Ilikuwa kosa. Nilisikia kijana mmoja akipaza sauti nyuma yake, na alipaza neno lile lile. Mwizi.

Tulitoka wote mbio. Barabara ilikuwa imeshasimama. Alikimbia hatua labda arobaini, halafu jiwe la kisogoni likamlaza, na watu ambao asubuhi walikuwa wamemwamkia wakamzunguka. Kamanda alifika na rungu akalishusha kwenye goti lake la kulia mara mbili; nilisikia goti likilia kama muwa unaovunjwa. Mashaka alipiga kelele moja tu, ndefu. Mtu nisiyemjua alikuwa anatafuta tofali kwa utulivu, anachagua, kama anayechagua nazi sokoni. Mikono yangu ilikuwa inanuka dagaa. Na hapo ndipo Bi. Kidawa alipotokea kwa jirani, mkono bado una unga wa ngano, akawapasua wanaume kwa viwiko akisema pisheni, pisheni. Alifika katikati, akavua kanga ya juu, akamrushia Mashaka ikamfunika kichwa na mgongo, kisha akageuka na makalio yake yote akamkalia.

“Huyu mtumwa wangu,” alisema, anahema. “Nimemnunua kwa kibaba cha chumvi, mnaniharibia mali. Anayetaka kumpiga anunue kwanza. Nani ana chumvi?”

Halafu mwanaume mmoja mnene, Mzaramo wa maduka ya pale, akacheka puani. Akasema chumvi ipo nyumbani, ila mtumwa mwenyewe kachakaa. Bi. Kidawa akajibu kwamba hata yeye mkewe alimchukua amechakaa. Kicheko kikashika mtu wa pili, na wa tatu, na kikawapitia kama mvua inavyopita juu ya mabati, upande mmoja mpaka mwingine, watu wenye damu kwenye viatu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nilimwona mwenye tofali akiliweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Chini ya kanga Mashaka alikuwa analia. Kamanda peke yake hakucheka, akasimama na rungu, akaona amebaki peke yake, akaondoka. Bi. Kidawa aliendelea kumkalia mtani wake na kutukana mpaka toroli la maji lilipopatikana la kumpeleka hospitali. Miguu ya mama yule ilikuwa inatetemeka vibaya sana. Niliiona kwa kuwa sikuweza kutazama juu.

Nilikwenda hospitali mara tatu na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Siku ya kwanza jicho lake moja lilikuwa halifunguki, nikamnywesha kwa kijiko bila kusema kitu. Siku ya pili nilimpa habari za nyumbani: kwamba ukuta umepakwa chokaa kabla ya Idd, kwamba Kamanda amehamia Mbagala na mkewe, na hakuna aliyemfuata na mashtaka. Siku ya tatu nilimuuliza kama sukari imetosha. Hakujibu, akaendelea kunywa. Baada ya hapo ndugu zake walikuja wakamchukua, wakapanda basi Ubungo kwenda Urambo, mguu wake ukiwa umenyooshwa kwenye viti viwili. Mimi sikwenda kumsindikiza, nilisema nina kazi nyingi dukani. Mwisho wa mwaka nilihama Tandika, nikapanga Kinondoni, nikaolewa, nikapata watoto. Na kisa kile nilikitunza. Nilimsimulia mume wangu, nikawasimulia mabinti zangu walipokua, jinsi palivyokuwa na kijana mmoja Mnyamwezi aliyenitazama machoni kuniambia ninyamaze, akabeba kosa langu mpaka mguu ukavunjika. Nilikisimulia vizuri, nikilia palepale kila mara. Binti yangu mdogo aliwahi kuniuliza, “Sasa mama, wewe ulifanya nini?” Nikamwambia nilimpelekea uji.

Waliporudi kutoka makaburini tuliwapakulia wali na maharage. Mashaka hakuweza kukaa kwenye jamvi na wenzake, akawekewa stuli ukumbini, karibu na kilichokuwa chumba chake, mguu umenyooka mbele na kanga ya marehemu begani. Siku hizi nyumba ina dari. Choo kimewekwa vigae vyeupe mpaka juu, nilikuwa nimeshaingia kuangalia. Nilimpelekea sahani mimi mwenyewe, nikamwambia shikamoo kaka Mashaka. Aliniangalia kidogo tu, akasema marahaba Neema, kana kwamba tumeachana juzi. Nikakaa chini karibu na stuli yake. Alikula kama zamani, haraka. Sikuweza kungoja amalize.

“Lile neno la Kamanda niliandika mimi,” nilisema.

“Najua. Mkaa si nilikuwa nachukua kwako. Nani mwingine?”

“Miaka yote nimetaka kukushukuru. Kwa kunificha.”

Mkono wake ukasimama juu ya sahani. Alinigeukia na macho yale yale, wazi, ya muda mrefu, na safari hii sikuwa na dagaa wa kuinamia.

“Kukuficha?” alisema. “Sikukuficha mie. Nilikuwa nakungoja.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayenieleza njia. “Nilikutazama nikajua atasema sasa hivi. Mtoto wa kike, msomi, Kamanda asingekupiga, angefoka yakaisha. Nikangoja. Wananichapa, nangoja. Nilivyokimbia ndiyo nilikuwa nimechoka kungoja. Umekuja hospitali na chupa yako, nikasema eeh, kaja kusema. Siku ya pili nikasema ana aibu, atasema kesho. Ya tatu ukaniuliza sukari imetosha.”

Nilimuuliza kwa nini basi hakunitaja, wakati rungu linashuka.

“Angekuwa Bi. Kidawa ningemtaja, tena kwa kelele, tukaja kucheka baadaye,” alisema. “Mie na wewe hatukuwa na utani. Mie na wewe tulikuwa tunaheshimiana.”

Nje walianza kukusanya masufuria. Nilitaka kuomba msamaha, na nililiona neno lenyewe jinsi lilivyokuwa dogo, pole nyingine ya jirani aliyesikiliza mpaka mwisho. Nikainuka nikaleta birika na bakuli, nikapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ile, nikamnawisha. Mkono wake ulikuwa mgumu, wenye makovu ya msasa, na sikuharakisha. Nilikuwa nalia, na si pale nilipozoea kulia. Alipomaliza alikung'uta vidole, akajifuta kwa pembe ya kanga ya Bi. Kidawa, akachukua fimbo yake.

“Na haikutosha,” alisema. “Ile sukari.”